Ukurasa Mmoja wa Ngoro

Jumamosi, 3 Juni 1972. Mkumbi.
Nimefika nyumbani. Mama alinipokea mzigo na kuniuliza kama nimefaulu. Nikasema karibu yote. Si uongo! Masomo manne nimefaulu. La tano, kusoma na kufupisha kwa Kiingereza, nimepata alama tatu kwa ishirini. Mhadhiri ameandika kwa wino mwekundu kwamba makala ilikuwa na kurasa nne na muhtasari wangu una kurasa tano. Sielewi kosa. Hakuna nilichosahau.
Nimepewa makala nyingine, kurasa kumi na mbili. Niifupishe kwa ukurasa mmoja na kuutuma kwa basi la Songea Jumamosi ijayo. Nikianguka, sirudi mwaka wa pili. Mama ameshalitangazia kanisa zima kwamba ninarudi Chuo Kikuu.

Jumapili, 4 Juni.
Nimeisoma mara tatu. Giza. Kuna miraba, kuna miteremko, kuna majani yanayolazwa, kuna maji yasiyokwenda popote. Nadhani ni makaburi ya watu wa kale. Kamusi inanituma kutoka neno hadi neno, kama mtu anayeuliza njia kwa walevi.
Baada ya misa nilikutana na Dunstan wa Mpepai. Tulianguka pamoja, makala yetu ni ileile. Anajidai hana wasiwasi: husoma sentensi ya kwanza na ya mwisho ya kila aya, basi. Mvivu! Nikamuuliza makala inahusu nini. Akajibu: mwanzo na mwisho.

Jumatatu, 5 Juni.
Ukurasa wa saba una mchoro. Niliutazama wima, kisha nikaugeuza juu chini. Ni shamba la mama! Makala nzima ni ngoro, yale mashimo tunayochimba mlimani kila Machi. Nimechimba ngoro tangu nina miaka saba, na kwa Kiingereza sikuzitambua. Aibu. Kisha furaha: kumbe ninazijua kuliko mwandishi! Nimeorodhesha mambo kumi na manne aliyosahau. Nitamsaidia.

Jumanne, 6 Juni.
Mpango: nichimbe ngoro moja huku nikisoma, aya moja, mapigo matano ya jembe. Udongo wa Juni ni mwamba. Balozi wetu wa nyumba kumi, mzee Ignatio, akapita. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akauliza kama huko Chuo Kikuu wameihamisha Machi. Nilipomweleza, akavua kofia, akataka kujua kama shamba letu la ujamaa limo. Halimo. Akasema basi huyo mwandishi alipita na gari, hakushuka. Akaniambia: binti yangu, liweke. Nimeliweka. Muhtasari umefika kurasa sita. Unapendeza.

Alhamisi, 8 Juni.
Dunstan alikuja tukiwa tunachuma kahawa. Alisema anapita tu. Kutoka Mpepai! Mama akauliza hiyo karatasi inayotukondesha inasema nini. Nikamweleza yote kwa Kiswahili, mpaka kikapu chake kikajaa. Akasema, bila kuinua macho: mwanamume anafyeka majani na kuyalaza, mwanamke anayafukia, mvua inanaswa shimoni, udongo unabaki mlimani. Si ndiyo hayo?
Nikamweleza kwa upole kwamba ndiyo hayo, ila hayajawa ya kisomi. Dunstan alikuwa akiandika kitu kiganjani. Akamshukuru mama mara mbili, akaondoka bila kumaliza togwa. Ajabu.

Jumamosi, 10 Juni.
Stendi ya Mbinga. Muhtasari wangu: kurasa tisa, pamoja na barua ya kurasa mbili kuueleza. Bahasha ilikataa kufungika, nimeishona kwa uzi. Dunstan ana karatasi moja, mistari kumi na mmoja! Nilimhurumia. Nikamwambia asikate tamaa, jembe halimtupi mtu. Akakohoa kama mtu anayeficha kicheko.

Jumatano, 28 Juni.
Majibu. Dunstan amefaulu. Mhadhiri amemsifu kwamba ameandika kama mtu aliyeshika jembe mwenyewe. Dunstan! Ameleta jogoo, si kwangu, kwa mama. Mama hajui sababu. Mimi pia sijui.
Mimi nimepewa nafasi ya mwisho. Julai nitaandika mbele ya mhadhiri: makala ileile, ukurasa mmoja, usizidi hata mstari mmoja. Mama kaniambia niandike tu kama alivyosema siku ile. Maskini mama. Laiti shule ingekuwa rahisi hivyo.

Ijumaa, 30 Juni.
Nimefikiri siku mbili na kosa nimeliona. Mwandiko wangu ni mkubwa mno! Nimechonga penseli ikawa kama sindano, nikafanya mazoezi tangu asubuhi. Kurasa zote tisa zimeingia katika moja, shamba la ujamaa likiwemo, na pembeni nimepata nafasi ya jambo la kumi na tano.
Mama akaniomba nimsomee. Nikaipeleka karatasi dirishani. Nikaisogeza, nikaigeuza, nikaiinua juani. Sikuweza kusoma hata mstari mmoja.
Lakini yote yamo.