Magari Yanakimbia, Muziki Umekwenda Wapi?

Mkwe wangu mpendwa, fundi wa kompyuta na mume wa binti yangu,

Salamu kwanza, lawama baadaye, ndivyo nilivyolelewa. Sisi huku ni wazima, isipokuwa masikio yangu, ambayo yamefiwa.

Mashine yetu ya gemu ilipokata roho, ulichukua diski zetu za ujanani, ukazinakili, ukatuwekea kwenye kompyuta programu inayojifanya ndiyo ile mashine. Nilikusifia hadi kwa kinyozi. Kila jioni mimi na mama mkwe wako tukashindana mbio za magari, muziki ukirindima, yeye akishinda na mimi nikisingizia kiti. Sasa muziki umetoweka. Niruhusu nitoe madai yangu kwa utaratibu.

1. Gemu si bubu. Matairi yanalia, injini zinanguruma, na gari langu likigonga ukuta nalisikia vizuri mno. Muziki peke yake ndio haupo. Kwa hiyo usiniletee habari za spika. Nimechomoa waya, nimechomeka, hata kofi nimezipiga, kofi la kiungwana.

2. Ulinieleza kwa simu kwamba katika diski hizi gemu lenyewe limo kwenye faili moja kubwa, na nyimbo zimekaa pembeni, kila wimbo na faili lake. Kisha kuna kijifaili kinachoielekeza programu wimbo upi uko wapi. Nimekagua. Vyote vipo! Tena vimepangika kuliko ulivyoviacha. Wewe nyimbo za watu uliziandika namba tupu, kana kwamba ni wafungwa. Mimi ni mtunza stoo mstaafu, usingizi haunijii penye bidhaa zisizo na majina. Nimeziita "Wimbo wa Mlimani", "Wimbo wa Kona Kali" na "Ule Anaoupenda Mama". Ukizifungua moja moja zinaimba bila kinyongo. Basi kosa ni lako.

3. Nimebadilisha kila kinachobadilishika katika mipangilio. Matokeo yake maandishi yamegeuka lugha ya watu nisiowajua, na magari yanakimbia magurudumu juu. Hilo nimeshalizoea.

4. Hapa ndipo penye kidonda. Mama mkwe wako hakai nami tena. Jioni anachukua sindano zake anakwenda kufuma jikoni, na mimi nabaki na kiti kitupu ubavuni. Nakuambia waziwazi, mkwe, naumia. Sikuoa ili nizeeke na kompyuta.

5. Kwa taratibu za stoo, aliyepokea mzigo pungufu ana haki ya kudai alichotoa hadi pengo lizibwe. Wewe umeniletea gemu pungufu. Mimi nilikukabidhi binti mzima, na anaimba. Naomba basi umrudishe hadi muziki urudi. Wajukuu waje naye, kwani mzigo hurudi na viambatanisho vyake. Wewe unaweza kubaki na paka.

Natumaini utalipokea ombi hili kwa moyo mkunjufu, maana sina ugomvi nawe hata chembe. Nisalimie wazazi wako, jirani yako yule mwenye cherehani, na wote wanaouliza habari zangu.

Ni mimi, niliyekukubali bila masharti,
Baba mkwe wako

Nyongeza: Nimempigia binti yangu afungashe. Amecheka hadi simu ikamponyoka. Anasema kile kijifaili kinaziita nyimbo kwa namba zake za zamani. Mimi nimezibatiza upya bila kukiambia, nani angeitika? Nimezirudishia namba. Muziki umelipuka, nikakimbilia jikoni kumwita mama mkwe wako.

Hakuinuka. Amesema yeye hakuondoka kwa ajili ya muziki. Aliondoka kwa sababu kila alipokaa akashika pedi ya kuchezea, mimi nilisimamisha mbio nirekebishe kitu, naye akangoja, akangoja, hadi akaona heri akafume. Nimemwomba radhi palepale, kati ya sufuria, na amekubali.

Kwa hiyo usimrudishe mtu, na tafadhali usije kutengeneza chochote. Hata barua hii siisomi tena kutafuta makosa. Ameshakaa, ananiita.