Sura Mpya ya Stelingi

Swalihu alikuwa mlangoni mwa ukumbi wa video wa Sikudhani, pale mtaani Majengo, akitafuta namna ya kuingia bila kulipa, stelingi wa filamu alipokufa.

Ndani pakachafuka. Miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, watu wa Dodoma walikuwa wamekwisha kubali mengi: mitumba, sabuni za Ulaya, bei zinazopanda ukiwa bado njiani kwenda dukani. Lakini stelingi kufa hawakukubali. Stelingi anapigwa risasi, anauguzwa na binti mzuri, anarudi kulipiza kisasi. Huyu alidumbukia mtoni kutoka darajani, maandishi yakaanza kupanda, basi. Benchi la mbele lote likasimama kudai kiingilio.

Sikudhani alikuwa mjane wa mfanyabiashara wa ngozi, na urithi wake wote ulikuwa mle chumbani: televisheni, deki na kanda nne. Kanda zilichaguliwa na binamu yake wa Unguja, mtu msomi kupita kiasi, aliyemletea filamu zilizosifiwa dunia nzima mwaka themanini na saba na themanini na nane, zenye tuzo zilizochorwa mpaka kwenye kava. Ya bunduki ilikuwa moja tu, hiyo ya darajani. Nyingine moja ilikuwa ya mawakili wanaobishana, moja ya mzee anayetengeneza saa, na moja ya mama anayefundisha kinanda. Wazungu walizililia. Majengo walizilalia.

Swalihu aliona ukumbi uliojaa watu wenye hasira, na hasira, kwa mtu anayeishi kwa ulaghai, ni mtaji. Akapenya hadi mbele, akainua mkono kama imamu.

"Jamani, nani kawaambia kafa? Hiyo ni sehemu ya kwanza."

Benchi la mbele likakaa. Akawaeleza kwamba stelingi aliokotwa na wavuvi, uso umeharibika vibaya, akapelekwa kwa daktari bingwa akafanyiwa upasuaji. Kesho watamwona na sura mpya.

Kesho yake, Sikudhani akiwa amemwahidi fungu la kiingilio, akasimama kando ya televisheni na fimbo, akatafsiri filamu ya mawakili. Kiingereza chake kiliishia kwenye "gudi moningi", na hilo halikumpunguzia kasi hata kidogo. Wakili mwenye kipara akawa stelingi baada ya upasuaji, na maneno yake yote ya mahakamani yakawa mipango ya kisasi. Ukumbi ukajaa mpaka madirishani. Mwalimu mmoja wa sekondari aliyejua Kiingereza vizuri alimvuta pembeni baadaye, Swalihu akajua leo kaumbuka. Mwalimu akamnong'oneza kuwa alichosikia yeye ni kesi ya shamba, kisha akauliza kwa aibu kama sehemu ya tatu itaanza saa ngapi.

Sehemu ya tatu stelingi alijificha kwa fundi saa. Sehemu ya nne akafika kwa mama yake mzazi, yule mwalimu wa kinanda. Sura ilikuwa imebadilika tena, Swalihu akasema ni upasuaji wa pili. Mtu akabisha hodi, mama akafungua mlango, wakatazamana. Hapo Swalihu akazima deki.

"Je, mama atamjua mwanawe aliyerudi na sura ya mtu mwingine? Jumamosi!"

Kilichofuata baada ya mlango ule yeye mwenyewe hakuwahi kukitazama, wala hakuona haja. Jumamosi hatakuwepo. Kwa miaka mitatu alikuwa analala kwenye korido ya dada yake huku shemeji akimruka asubuhi kwenda kazini, na sasa alijua dawa yake: deki ile. Angeipeleka Tabora kwa treni, afungue ukumbi wake, aitwe bosi na watu wanaovaa viatu. Usiku alikuwa akiiota. Kila akimaliza kazi aliifuta vumbi kwa upendo ambao hajawahi kumwonyesha mwanamke, na siku moja, akidhani yuko peke yake, aliipima kwa viganja aone kama itaingia kwenye kikapu. Mkakati ulikuwa rahisi: Jumamosi asubuhi atamwambia Sikudhani deki inahitaji kusafishwa kwa fundi.

Jumamosi asubuhi akaja na kikapu. Mlangoni kulikuwa na kufuli kubwa kama ngumi, na mbele ya kufuli watu wa vijiji vya Zuzu na Mvumi na wa Majengo yote, tiketi walizolipia mapema mkononi. Sikudhani alikuwa ameondoka alfajiri na televisheni, deki, kanda na kiingilio cha watu wote hao. Aliyebaki wa kuulizwa alikuwa mmoja tu, naye kashika kikapu kitupu.

Mazengo, mkulima wa Mvumi mwenye mikono kama majembe, akamkamata kola.

"Kiingilio kaa nacho. Niambie tu, mama yake alimjua?"

Swalihu akafungua mdomo. Kwa mara ya kwanza maishani mwake haukutoka uongo wowote.

"Sijui," akasema, na ilikuwa kweli, na ndiyo iliyowakasirisha zaidi. Aliponyoka akiwa na kiatu kimoja.

Siku ya tatu dereva wa lori la vitunguu akamwambia kuna mwanamke Kibakwe anaonyesha video, anatafsiri mwenyewe, watu wanashuka milimani kumsikiliza. Swalihu akakopa nauli ya kwenda na kurudi, akaenda na hasira zake. Akamkuta Sikudhani mlangoni, anakata tiketi.

"Shikamoo dada. Nimefuata fungu langu. La sivyo naingia humo ndani, nawaambia wote kwamba filamu ni uongo."

"Marahaba, mdogo wangu. Ingia uwaambie." Hakuacha hata kukata tiketi. "Ila mwanamume anayepima deki kwa viganja hana nia ya kuifuta vumbi. Nilikuwa nyuma ya pazia."

Kutoka ndani kikasikika kinanda, kisha hodi, kisha mlango ukifunguliwa. Alitaka kuondoka, akabaki pale pale. Ilimuuma jinsi alivyotaka kujua.

"Dada," akasema kwa sauti ndogo, "alimjua?"

Sikudhani akanyoosha mkono. Swalihu akatoa nauli ya kurudi.

Akajibana kwenye benchi la mbele, kati ya wazee wawili. Sikudhani akashika fimbo. Kwenye kioo mama alikuwa bado anamtazama mgeni, na macho yake yalianza kulowa. Mzee wa kulia akamgusa Swalihu kiwiko, akasema mbona huyu siye yule wa darajani, hawa wanatudanganya.

"Amefanyiwa upasuaji," Swalihu akamjibu kwa ukali, bila kugeuza shingo. "Nyamaza tuone."