Sendofu ya Haika na Mchujo wa Marekani

Ijumaa, 9 Januari

Nusu fainali ya kwanza ya vyuo imekwisha. Chuo nilichokishangilia kimefungwa. Kawaida yangu.

Wakati wa chai nilijaribu kumweleza mke wangu, Restuta. Kwamba kule Marekani vijana wa chuo wanacheza futiboli yao ya Kimarekani, ya kubeba mpira mikononi, mbele ya watu laki moja. Laki! Uwanja wa Mkapa ungeingia mzima na nafasi ikabaki. Kwamba timu kumi na mbili za mchujo wa kumpata bingwa huchaguliwa na kamati. Restuta akasema vizuri sana, na mimi niliye mwenyekiti wa kamati, je, nimeshapata viti vya wageni? Sijapata.

Kamati! Hapo ndipo mpira wa vyuo unapoharibika. Vijana wanaumizana miezi minne, kisha watu wenye suti wanajifungia chumbani kuamua nani anafaa. Mimi naongoza kamati ya sendofu, sherehe ya kumuaga kabla ya ndoa shemeji yangu Haika, mdogo wake Restuta, na nasema wazi: mtu wa kamati usimkabidhi hata kuku. Ligi ya wakubwa, ya wachezaji wa kulipwa, ndiyo yenye haki. Ukishinda unaingia. Ukifungwa unarudi nyumbani. Timu yangu hurudi nyumbani.

Jina lake siliandiki humu. Mwaka jana niliandika. Kesho yake wakafungwa.

Jumamosi, 10 Januari

Kikao cha kamati, sebuleni kwetu Walthamstow, hapa London. Ushindi mkubwa!

Sendofu ilikuwa Jumamosi ijayo. Nimepiga hesabu: timu yangu ikishinda kesho, mechi inayofuata itapangwa Jumamosi. Nina uhakika. Hivyo nikawaambia wajumbe kwamba Jumamosi watu wetu wengi wako kazini, wanalea wazee wa Kizungu, na kwamba Jumapili baada ya Misa kila mtu ana moyo mweupe. Mwenye ukumbi alikubali kuihamishia Jumapili.

Nickson alipinga. Huyu ni binamu wa akina Restuta, katibu wa kamati, mtu wa Arsenal, na mpira wangu anauita mieleka ya wavaa kofia za bodaboda. Aliuliza nani abadilishe tarehe ya sherehe zikiwa zimebaki siku chache. Nikamjibu kwamba busara haina tarehe. Sijui maana yake, lakini wazee waliitikia kwa vichwa. Ikapita.

Restuta amepiga simu kwa wageni mpaka sauti imemkauka.

Jumapili, 11 Januari

TUMESHINDA! Jirani wa chini amegonga dari lake kwa ufagio. Agonge!

Jumatatu, 12 Januari

Ratiba imetoka. Tunacheza Jumapili. Saa mbili usiku, saa za London.

Jumapili!

Nimempigia mwenye ukumbi nikiwa chooni kazini. Jumamosi ameshawapa watu wa ubatizo. Nikamuuliza kama mtoto hawezi kusubiri wiki moja. Akakata simu.

Alhamisi, 15 Januari

Mpango mpya. Sherehe ianze saa tisa alasiri, saa moja na nusu tuwe tunakunja viti. Nimewatumia wageni wote ujumbe: saa tisa KAMILI. Restuta alipousoma alicheka mpaka akakaa chini. Nickson aliuliza: kamili ya Kizungu au kamili ya kwetu?

Jioni Haika alipita akitoka wodini, bado na viatu vyake vya unesi. Baba yao alifariki Haika akiwa kidato cha pili. Aliniambia kwamba Nickson ana sauti nzuri kuliko mimi, anajua hilo, lakini siku hiyo kipaza sauti anataka nikishike mimi. Baba angekuwepo, angesema baba. Hayupo, basi aseme shemeji mkubwa.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Kisha nikaenda jikoni nikasimama mbele ya friji, imefunguliwa, muda mrefu.

Jumatatu, 19 Januari

Sijaenda kazini. Nimesema tumbo. Si uongo wote.

Jana saa tisa kamili ukumbini tulikuwa mimi, DJ na ndafu. Mbuzi mzima aliyebanikwa, amesimama mezani na kotimiri mdomoni, ananitazama. Saa kumi na moja akaja mama mmoja akauliza kama amechelewa. Bwana harusi na watu wake waliingia saa mbili kasorobo. Timu yangu ilikuwa inapasha misuli.

Nilikuwa nimejiandaa. Spika ndogo ya sikioni, upande wa kushoto. Simu mfuko wa ndani wa koti. Redio ya Marekani ikitangaza moja kwa moja. Kulia nilisikia sherehe, kushoto mechi. Kwa saa mbili na zaidi niliweza. Niliita meza ya bwana harusi tukiwa mbele. Nilikaribisha keki tukiwa nyuma. Shangazi mmoja alisifu jinsi ninavyoongea kwa hisia.

Ikafika saa ya kumkabidhi Haika. Muziki ukashushwa. Mama yao alikuwa kwenye simu ya video kutoka Rombo, kule imeshaingia saa nane ya usiku na bado macho. Restuta alimshika mdogo wake mkono, wakaanza kutembea taratibu kuelekea kwa Mzee Evans, baba mdogo wa bwana harusi.

Kushoto, tulikuwa mbele kwa pointi moja. Zimebaki sekunde chache. Mpira ni wetu. Tunachotakiwa kufanya ni kuushika tu. Kuushika!

Mpira ukadondoka.

Majitu yote yakarukiana juu yake, lundo la watu. Mtangazaji akapiga kelele kwamba wetu ameulalia. Kisha akasema mwamuzi amewapa wao. Wao!

Kipaza sauti kilikuwa mdomoni. Sikukumbuka.

"Ni wetu!" nikapiga kelele. "Ni wetu! Tumeporwa!"

Haika amesimama katikati ya njia. Mzee Evans akainuka polepole, akauliza kwa sauti ya kuogopesha:

"Nani kaporwa, ndugu mwenyekiti?"

Ningeweza kujieleza. Lakini wakati huohuo mpigaji wao akapiga, mpira ukapita katikati ya nguzo, pointi tatu, msimu wangu ukaisha. Nikapiga magoti mbele ya ndafu nikalia. Nililia kweli. Nimengoja ubingwa miaka yote tangu nifike nchi hii, nililia kwa yote.

Kwanza nilisikia mama akilia kwenye simu. Halafu shangazi. Halafu meza zote za upande wetu. Mzee Evans mwenyewe akaja akaninyanyua, macho yake yamelowa. Akatangaza kwamba hajawahi kuona familia inayompenda binti yao namna hii, na kwamba hawakuja kupora, wamekuja kuomba. Vigelegele!

Restuta akaja kunikumbatia. Alipoweka shavu lake upande wangu wa kushoto, nikamhisi ameganda. Mtangazaji alikuwa bado anaongea. Akaichomoa ile spika kwa vidole viwili, kama mtu anayetoa kupe, akaitia kwenye pochi, akageuka kwa wageni akitabasamu.

Nickson akachukua kipaza sauti. Ana sauti nzuri kweli.

Jumanne, 20 Januari

Fainali ya vyuo usiku wa kuamkia leo. Sikuitazama, kwa heshima ya msiba wangu. Asubuhi nikatazama matokeo. Chuo nilichohamia baada ya changu kutoka kimefungwa. Kumbe hata nisipotazama hufungwa!

Restuta ameninunia tangu juzi. Chai ananiwekea. Sukari haweki.

Alhamisi, 22 Januari

Haika alikuja, dada yake akiwa zamuni. Aliketi bila kuvua koti. Akaniuliza moja kwa moja:

"Shemeji, juzi ulikuwa unanililia mimi au ulikuwa unalilia mpira?"

Nani kamwambia? Sijui. Pengine Nickson, anahisi kitu. Pengine hakuna, Haika ananijua.

Nilisema wewe.

Alinitazama kama wanavyotazama manesi wakishika kipimo cha homa. Akasema mama bado anasimulia Rombo nzima. Akasema siku baba yao alipozikwa yeye alikuwa anawaza nani atamlilia siku ya kuolewa, wazo la kitoto, na kwamba tangu Jumapili halimsumbui tena. Akaomba nimsindikize kanisani tarehe thelathini na moja, nimshike mkono hadi altareni. Nikasema ndiyo.

Alipoondoka nilikaa gizani. Mimi ni mtu mbaya. Nimefuta programu zote za mpira kwenye simu. Nimeachana na mchujo, wa vyuo na wa wakubwa. Kabisa. Mungu shahidi.

Jumapili, 1 Februari

Jana tumemwozesha Haika.

Mlangoni mwa kanisa alinishika mkono. Alinibana vidole kama anayeogopa kuanguka, huyu msichana ambaye kazini anafunga macho ya marehemu bila hofu. Kinanda kikaanza. Hatua ya tatu nikaanza kulia. Si kidogo. Nililia njia nzima, kamasi na vyote, hata padri akanipa kitambaa chake.

Hakuna aliyeamini. Nilipopita safu ya Nickson aliinama akaninong'oneza: wamefunga ngapi? Nilipoketi, Restuta alinishika kichwa mbele ya waumini, akachungulia sikio la kushoto, kisha la kulia. Hayakuwa na kitu. Halafu akaegemea bega langu, naye akalia.

Leo ameweka sukari.

Mchana Mzee Evans alinipigia. Alisema machozi yangu yamekuwa gumzo ukoo mzima, na kwamba wana ubarikio wa binti yake, kama kipaimara chetu, Jumapili ijayo, tarehe nane. Wanaomba mimi niwe mshereheshaji, maana mtu wa moyo namna hii hapatikani London. Nilikataa. Akasisitiza. Nilikataa tena, nikieleza kwamba tarehe nane nina jambo. Ni fainali kuu ya ligi ya wakubwa, lakini hilo sikulitaja.

Halafu nikafikiri. Timu yangu haipo. Sina uchungu na yeyote. Fainali inaanza saa tano na nusu usiku, na sherehe inaanza saa kumi jioni. Muda wa saa saba na nusu katikati! Mtu mzima anashindwaje?

Nimempigia Mzee Evans nikakubali. Nimeomba jambo moja tu, ukumbi uwe na skrini kubwa. Kwa ajili ya picha za mtoto.