Vibandiko vya Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Shemeji, kaka wa mke wangu, si yule wa zamani. Juzijuzi tu alikuwa anasinzia juu ya randa pale karakanani. Leo kabeba kabati la milango miwili peke yake, huku anapiga mluzi! Na Ijumaa bosi anachagua msimamizi wa mafundi. Tunaoitaka nafasi hiyo ni yeye na mimi.

Nimemchunguza. Daktari alimpima damu asubuhi mbili tofauti, akakuta testosteroni, ile homoni ya kiume, iko chini mno. Kapewa vibandiko, kimoja kila jioni kwenye ngozi kavu. Anaishi kwetu. Boksi liko bafuni, kwenye rafu yangu mwenyewe.

Jumanne, 4 Machi
Nimekwenda kwa daktari huyohuyo. Nimelalamikia uchovu, kukosa hamu, na nywele za kifua kupungua (sijawahi kuwa nazo). Kapima. Eti homoni zangu ziko sawa kabisa, nipunguze soda na nilale mapema. Roho mbaya tu.

Jioni nimeazima vibandiko viwili. Nimebandika vyote, paja hili na hili.

Jumatano, 5 Machi
Nguvu zimeanza. Nimemkaripia mpasua mbao mbele ya watu. Akasimama. Sikujua ni mrefu kiasi kile. Nimemwomba radhi mara tatu.

Jioni shemeji kasema vibandiko vyake havitimii. Nimesema labda ni panya. Mke wangu kaenda bafuni kuhesabu vilivyobaki.

Alhamisi, 6 Machi
Vya leo vina harufu kali. Bila shaka wameongeza dawa. Nimebandika vinne. Moto! Nasikia kabisa uanaume unapanda.

Ijumaa, 7 Machi
Usaili. Moto umefika kiunoni. Bosi kanikaribisha kiti, nikamwambia mwanamume kamili hakai. Nimejibu huku naizunguka meza yake. Kauliza ningemfanya nini fundi anayechukua vitu vya mwenzake. Nikasema namfukuza siku hiyohiyo. Bosi kaandika. Kufika swali la nne uzalendo ukanishinda, nikakimbilia bombani na kuvua suruali nyuma ya rundo la mbao.

Rundo lilikuwa fupi. Dirisha la bosi linatazama bomba.

Nafasi kapewa shemeji.

Jumamosi, 8 Machi
Mke wangu kanieleza yote. Vibandiko vya kaka yake alivificha kwenye mkoba wake tangu juzi, akajaza boksi plasta za pilipili, zile za maumivu ya mgongo. Kasema kaka yake alikuwa mgonjwa, katibiwa, kapona. Ugonjwa wangu mimi hauna kibandiko. Iliniuma kuliko plasta. Kauliza kama nimejifunza kitu. Nikajibu: mengi.

Na kweli nimejifunza. Nilikuwa nahangaika na mapaja bure! Leo mezani shemeji kasoma mkataba wake mpya bila kukwama popote, kavaa miwani ambayo sijawahi kuiona. Siri iko hapo.

Sasa hivi anaoga. Miwani iko juu ya friji.