Ufunguo Uliovaa Shaba

Jumatatu, 3 Juni
Roho juu juu. Mkuu wa shule kasema stoo yangu inageuzwa darasa. Maabara inataka mtunzaji mmoja, na tunaoitaka ni wawili: mimi na mkutubi, tunayemwita Kamusi kwa kuwa hakuna asilolijua. Kamusi akikosa ana maktaba yake. Mimi nikikosa nina kochi la nyumbani. Ijumaa kila mmoja ataonyesha jambo moja la kemia ya umeme mbele ya mwalimu wa kemia, mama mkali ambaye wanafunzi wanamwita Mama Tindikali. Mke wangu ameshamwambia dada yake kwamba nimepata. Nani alimtuma?

Jumanne, 4 Juni
Mama Tindikali katufundisha sote wawili baada ya vipindi. Metali inayopoteza elektroni imeoksidishwa. Inayozipokea imepunguzwa. Nikauliza inakuwaje anayepokea ndiye aitwe aliyepunguzwa. Akasema niandike tu. Kamusi akacheka puani, kistaarabu.
Kisha mrututu, zile chenga za buluu zenye shaba ndani yake. Unauyeyusha majini. Kilichofungwa upande hasi wa betri kinavaa shaba. Shaba iliyofungwa upande chanya inaliwa taratibu. Nimeelewa! Kamusi atavisha shaba msumari. Msumari, jamani. Mimi nitavisha ufunguo wa maabara, huo mmoja tu uliopo, unaotundikwa stoo kwangu. Mama Tindikali akifungua mlango Ijumaa, ushindi wangu utakuwa mkononi mwake kabla hajaketi.

Jumatano, 5 Juni
Betri ya pikipiki ya shemeji (hajui). Waya wa shaba. Kopo la kioo. Mwalimu alisema dakika chache zinatosha. Lakini kama dakika chache ni nzuri, kutwa nzima ni nzuri zaidi, hiyo ni hesabu tu. Jioni nimeutoa. Mwekundu, mnene, umeshiba! Nimeubusu. Una ladha mbaya.

Alhamisi, 6 Juni
Hauingii. Kufuli limeukataa katakata. Nimejaribu mafuta, sabuni, kubembeleza. Kamusi kapita, kauliza kwa upole kama kuna tatizo. Nikamwambia nakagua kufuli. Kumwambia Mama Tindikali? Heri nimeze betri.
Nikaamua kama ni kufukuzwa, nifukuzwe na ufunguo unaong'aa. Nikaurudisha kwenye kopo uongezewe shaba. Kwa haraka nikafunga waya bila kuangalia.
Jioni, balaa. Shaba yote imekwenda na ufunguo wenyewe umekonda, una vishimo kama mkate. Waya niligeuza, mjinga mimi! Ufunguo ukakaa upande chanya, ukaliwa. Mke wangu kauliza mbona sili. Nimemwambia tumbo.

Ijumaa, 7 Juni
Kufuli limefunguka!
Nilimpa Mama Tindikali ufunguo huku natazama viatu vyangu. Nikasikia tiki. Nikakaa juu ya ndoo. Akaugeuza ufunguo, akauliza umeliwa na nini. Nikaungama yote, hadi betri ya shemeji. Nilidhani atanimwagia tindikali kweli. Akacheka mpaka akavua miwani. Akasema mwenzangu kaonyesha njia ya kwenda tu, mimi nimeonyesha kwenda na kurudi, na mtu aliyeumbuka hivyo hatarudia. Msumari wa Kamusi, mkuu wa shule aliyekuja kutazama aliufuta kwa leso, shaba yote ikabaki kwenye leso.
Kazi ni yangu. Nimepumua, pumzi ya kweli, mpaka tumboni. Nimekula sahani mbili, mke wangu akasema kumbe tumbo limepona. Agizo ni moja tu: ufunguo niupeleke kwa fundi funguo achonge mwingine, na huu nisiuchezee tena.

Jumamosi, 8 Juni
Nimeamka mwepesi kabisa. Nimekwenda maabara yangu. Maabara yangu! Kuna kasoro ndogo: ufunguo umelegea, unacheza ndani ya kufuli mpaka uutikise ndipo ufungue. Fundi funguo wa nini, na mtu wa maabara ni mimi? Unataka shaba kidogo tu. Safari hii nimekagua waya, nikakagua tena. Ufunguo uko upande hasi, hakuna makosa. Kusimama kuulinda nimeona ni kupoteza muda. Nimeuacha humo ndani kwenye kopo, nikatoka, nikabana kufuli mlangoni kwa usalama, nikaja zangu nyumbani. Nitautoa Jumatatu.