Mrudishieni Mama Mshipa Wake wa Kulia

Jumanne, 9 Juni

Mheshimiwa Daktari Mpasuaji,

Shikamoo. Naahidi kukueleza yote, hata yale ambayo Baba amenikataza.

Mama yangu ni dobi. Hupiga pasi akiwa amesimama kutwa nzima. Mwezi uliopita ulimtibu mguu wa kulia. Uliingiza kijiti chenye baridi kali ajabu, mshipa uliovimba ukaganda na kunatana nacho, ukauvuta ukatoka. Tunashukuru. Lakini nyumba yetu imeharibika, na malalamiko yangu ni haya:

1. Zamani Baba alitoroka kwenda kucheza drafti, akijua Mama akimaliza kushuka ngazi yeye ameshakata kona. Sasa Mama humuwahi mlangoni na kumkabidhi kikapu. Baba wa watu amejua bei ya nyanya uzeeni.

2. Shangazi ndiye aliyekuwa daktari wetu. Alimpaka Mama dawa yenye harufu ya betri na kumwambia kwamba mishipa huvimba kwa kiburi. Sasa hana mgonjwa, na kunyamaza hawezi, kwa hiyo amehamia kwenye chunusi zangu.

3. Mshipa ule ulitabiri mvua. Ulipowaka moto, mtaa mzima ulianua nguo. (Wa kushoto nao unauma, ila hauna taaluma hiyo.) Juzi mvua ilinyesha bila taarifa, na mashati ya mwalimu mkuu yakalowa.

4. Hili ni zito. Kwenye mkutano wa wazazi Mama alizoea kuketi nyuma kimya. Safari hii alisimama, akauliza kwa nini choo cha wasichana hakina mlango, akabaki amesimama mpaka akajibiwa. Mwalimu mkuu aliutazama mguu wake kwa masikitiko makubwa.

Kwa hiyo naomba mshipa urudishwe. Tumefundishwa darasani kwamba kilichoganda huyeyuka. Uyeyusheni, muurudishe mahali pake, ili Baba acheze, Shangazi atibu na mwalimu mkuu apumzike.

Wasalimie wauguzi wote, pamoja na yule bwana wa mapokezi asiyeinua kichwa.

Ni mimi mwenye adabu,
Binti wa dobi

Tanbihi: Daktari, yote niliyoandika hapo juu yaache. Jana nilimkuta Mama amesimama kwa mguu wa kulia peke yake, ameng'ang'ania meza, machozi yanamtoka, pasi inaunguza shuka la watu. Ni ule wa kushoto. Kila akija kwenu, bwana wa mapokezi humwambia baridi ya kile kijiti imekwisha. Tafadhali nijibu upesi: baridi itarudi lini?