Shingo Iliyopwaya

Jumatatu, 3 Machi

Habari kubwa! Mama Duka anabadilisha bango la mlangoni. Lile la zamani limepauka mpaka bwana aliyechorwa pale hana pua. Jipya litakuwa na picha ya fundi wa humuhumu dukani, kuanzia kiunoni kwenda juu, amevaa shati jipya ambalo Mama Duka bado analifanya siri. Mpiga picha anakuja Jumamosi saa nne asubuhi.

Mafundi tuko wawili tu. Mimi wa makoti na mashati, na Bwana Pindo wa suruali. Bwana Pindo! Mtu ambaye tangu tufahamiane sijamwona amefunga kamba za viatu vyote viwili siku moja. Kwa hiyo ni mimi. Miaka ishirini na miwili nimeinama kwenye cherehani ile, wateja wananijua utosi. Nataka watu wapite barabarani waone uso wangu, hata mara moja. Nataka sana. Sioni sababu ya kuficha, naandika peke yangu.

Lakini. Mama Duka alikuja akasimama mbele yangu akaniangalia shingo. Si uso. Shingo! Muda mrefu. Kisha akatabasamu, akachukua tepu, akanipima, akaandika kwenye daftari lake: arobaini na moja. Akafunga daftari, akaenda zake. Jasho lilinitoka.

Nyumbani mjukuu wangu, ana miaka minne, alinikalia mapajani, akaivuta ngozi ya chini ya kidevu, akaiachia, akawa anaangalia inavyorudi. Inachukua muda. Akaniuliza babu anaweka nini humo. Nikaenda kwenye kioo. Ni kweli. Shingo inapwaya. Nimevaa shingo ya mtu mwenye mwili mkubwa kuliko wangu.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata ufumbuzi. Koti likipwaya, fundi halichani. Analibana kwa nyuma, mbele linakaa sawa. Na ngozi ni nini kama si kitambaa? Asubuhi nimekusanya ziada yote kisogoni, nikaibana kwa plasta pana, vipande vinne, nikavaa shati la kola ndefu. Mbele safi! Tatizo dogo: siwezi kuinamisha kichwa. Nimeshona kifuko kizima kwa kukisia. Kimetokea mgongoni.

Saa tano akaja mwalimu mkuu kujaribu suti yake. Nikachuchumaa kuangalia urefu wa koti. Plasta ikaachia, kwa sauti. Shingo yote ikarudi mbele kwa mpigo mmoja. Mwalimu mkuu akauliza kwa hofu kama bitana yake imechanika. Nikasema ndiyo. Sijui kwa nini nilisema ndiyo. Ikabidi niichane kidogo, kisha niishone mbele yake.

Bwana Pindo aliokota plasta sakafuni, akanirudishia, akanipa pole ya jipu. Nikamshukuru. Sasa nina jipu.

Jumatano, 5 Machi

Mke wangu kanionea huruma, au kachoka, sijui. Amesema niende kwa wanaojua. Kwa hiyo leo nimekwenda kliniki ya ngozi, ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani. Mtaalamu ni dada mpole mwenye mikono ya baridi. Nikamwambia nahitaji shingo kufikia Jumamosi, na kisu sitaki. Akasema hata yeye kisu hana.

Akaanza kunieleza, mimi naandika nyuma ya risiti ya vifungo. Kuna krimu ya kupaka kila usiku: subira, miezi. Kuna leza kwa mikunjo midogomidogo: siku kadhaa za wekundu. Kuna mashine ya joto, mawimbi yanaingia ndani ya ngozi kuiamsha ijijenge upya: inarudiwa mara kadhaa, na matokeo kamili yanaonekana baada ya miezi mitatu. Kisha kuna sindano za kulegeza ile misuli miwili inayosimama shingoni kama kamba.

Hapo nikamsimamisha. Mimi nimekuja kukaza. Sindano ya kulegeza ya nini? Akasema misuli hiyo ikilegea, shingo inaonekana imekaza. Nikamwomba arudie. Akarudia, polepole, akichora. Nikasema nimeelewa. Sijaelewa hata kidogo.

Akaniambia pia kwamba wanaume wengi hupaka mafuta ya kukinga jua usoni wakasahau shingo. Nikajibu kwamba mimi sijawahi kupaka hata usoni. Akasema inaonekana.

Nimechagua mashine ya joto. Kuhusu miezi mitatu sina wasiwasi. Hata mimi huwaambia wateja wiki mbili na koti linakuwa tayari siku ya nne.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimetumia akili. Hakuna fundi anayejiheshimu anayemaliza koti bila kulijaribisha. Mteja analivaa likiwa limepigwa bandi tu, yaani nyuzi ndefu za muda, na mkono mmoja umeshikizwa. Tunauangalia. Ukikaa vizuri ndipo tunashika wa pili. Ndivyo nilivyofundishwa. Kwa hiyo nikamwambia Mtaalamu: leo upande wa kushoto tu.

Alidhani natania. Akaeleza kwamba shingo hufanywa yote kwa pamoja. Nikamweleza habari za koti. Akaniangalia vile nilivyomwangalia yeye jana kwenye sindano. Nikang'ang'ania. Mwishowe akanipa karatasi nisaini kwamba ni mimi niliyetaka, akafanya kushoto. Kuna uvuguvugu, kuna mtelezo wa jeli, basi. Wala hapakuuma. Akaonya: siku mbili nisiweke kitu cha moto shingoni.

Kufika nyumbani nikajiangalia. Tofauti haionekani! Nikafikiri: mshono haujaisha mpaka upigwe pasi. Pasi yenyewe hapana, mimi si mwendawazimu. Nimechovya kitambaa kwenye maji ya moto, nikakamua, nikakandamiza upande wa kushoto. Mara sita.

Ijumaa, 7 Machi

Ajabu! Upande wa kushoto hauna mkunjo hata mmoja. Umejaa, umenyooka, unang'aa. Ni mwekundu kidogo. Sawa, ni mwekundu sana. Nimejipima kutoka koo hadi uti wa mgongo: kulia ishirini na nusu, kushoto ishirini na tatu. Sijui kama haya ni mafanikio. Kukaza si kupunguza?

Mke wangu anasema nimepata matubwitubwi. Akampigia simu Mtaalamu, akamsimulia habari za kitambaa, akasikiliza, akanitazama kwa jicho la pembeni, akasema ndiyo, ndivyo alivyo. Agizo: kitambaa cha baridi mpaka uvimbe upungue. Nikakiweka dakika kumi. Nikaona kinaanza kuondoa matokeo. Nikakitoa.

Dukani Bwana Pindo alisikitika kweli. Alisema jipu limekua. Akajitolea kunimalizia makoti mawili ili nipumzike. Anataka nini mtu huyu? Nimekataa.

Jumamosi, 8 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Mpiga picha alikuja saa nne kamili. Mama Duka akatoa shati lake la siri. Amelishona mwenyewe jioni zote za wiki hii. Ni shati la wanaume wa miaka hamsini kwenda juu, kola laini inayoilaza ngozi iliyolegea bila kuibana wala kuikunja. Akasema Jumatatu alipoiona shingo yangu alijua ndiyo yenyewe. Shingo ya mteja wetu! Akakata kola kwa kipimo chake: arobaini na moja. Bango litaandikwa KOLA ISIYOBANA.

Ikabana. Kifungo cha juu hakikufika. Tukavuta, mimi na mpiga picha. Kikafika. Nikaacha kupumua. Mpiga picha akauliza kama mzee yuko salama. Nikapunga mkono kwamba aendelee. Mama Duka akasema basi tufungue kifungo na nigeuke, tupige upande wa kulia, huo umebaki kama ulivyokuwa. Nikakataa! Nilimwambia upande wangu mzuri ni wa kushoto. Akaniomba tena. Nikageuka kushoto. Akaniomba mara ya tatu, kwa upole, na mimi, sijui ni shetani gani, nikageuka kushoto.

Akashusha pumzi, akamwita Bwana Pindo. Kwake kifungo kilijifunga chenyewe. Shingo yake ikajilaza juu ya kola kwa raha zake zote. Mpiga picha akasema hapohapo, usitikisike.

Nikaingia stoo ya vitambaa nikajifanya natafuta vifungo. Nililia kidogo. Miaka ishirini na miwili.

Jumatatu, 10 Machi

Uvimbe umekwisha. Kushoto ishirini na nusu, kulia ishirini na nusu. Shingo ileile inapwaya pande zote, siku mbili baada ya kuhitajika.

Bango limepanda. Bwana Pindo, meta mbili kwenda juu. Kabla ya saa sita wanaume saba wameingia, wote wenye shingo, wote wanataka kola ile. Bwana Pindo alikuja kwangu akasema ile ilikuwa nafasi yangu na yeye anaona haya kujiona pale juu. Akauliza hali ya jipu. Nikasema limepasuka. Ni mtu mwema, ndicho kinachoudhi.

Kisha Mama Duka akaniita. Kutakuwa na bango la pili, la ukuta wa upande wa sokoni. Makoti. Anamtaka fundi wa makoti, yaani mimi! Mwezi wa sita. Sharti moja: nije na shingo kama ilivyo sasa, nisiiguse. Nikaapa. Nilirudi nyumbani naimba.

Nikiwa katikati ya chakula nikahesabu kwa vidole. Machi, Aprili, Mei, Juni. Miezi mitatu! Mtaalamu alisema matokeo kamili ni baada ya miezi mitatu! Itakaza mwezi uleule wa picha, tena nusu! Mke wangu akasema mara moja tu haiwezi kubadilisha kitu cha kuonekana, na hata ikibadilisha, si nitageuka kulia? Sikumsikiliza. Nilikuwa nafikiri.

Jumanne, 11 Machi

Nimempigia Mtaalamu kabla hajafungua. Nimeomba alegeze alichokaza. Nikamkumbusha zile sindano zake za kulegeza. Akaeleza tena kwamba hizo zinalegeza ili ionekane imekaza. Basi nikaomba za kukaza, ili ionekane imelegea. Akasema hazipo. Nikauliza inawezekanaje zisiwepo.

Kisha akasema ukweli ni kwamba kipo kitu kinacholegeza shingo, hakijawahi kushindwa kwa mtu yeyote, na hakihitaji mashine. Kinaitwa umri. Nikauliza kama kinachukua muda mrefu. Akasema kwangu kimeshaanza.

Safi sana. Nimemwomba anipangie huo umri Alhamisi asubuhi. Upande wa kushoto tu, kwanza. Tukiona umekaa vizuri, ndipo tushike wa kulia.